Daktari Anajibu: Maji, Mafuta na Picha za Misuli

Katika toleo lililopita tulizungumzia kwa ufupi mayositisi, kundi la magonjwa ambamo kinga ya mwili huigeukia misuli na kuishambulia, hata mgonjwa akashindwa kuinuka kitini bila kujishika, kupanda ngazi au kuanika nguo kwenye kamba. Tulitarajia maswali kuhusu dawa. Barua nyingi zilizotufikia zimeuliza kuhusu picha: kwa nini MRI, kwa nini isiwe eksirei, na kwa nini mtu aliyeishiwa nguvu mapajani apigwe picha ya kifua. Tumechagua chache, tukazifupisha, na tumeondoa majina ya wagonjwa na ya hospitali walizotaja.

*Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miezi mitano sasa nguvu zimeniisha mapajani na mabegani. Nikitaka kupanda matatu inanibidi nishike mlango kwa mikono miwili na kujivuta. Nimepimwa damu na kuambiwa kuwa CK imepanda mara kadhaa kupita kiwango cha kawaida. Sasa daktari wangu anataka nipigwe MRI ya mapaja, na gharama yake si ndogo. Ikiwa damu imekwisha kuonyesha kwamba misuli inaharibika, picha itaongeza nini? Je, eksirei haitoshi?*
S.A., Umoja

Mwalimu, swali lako ni la haki, hasa kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni mwake. CK ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za misuli, na seli hizo zikijeruhiwa huvuja na kuingia katika damu. Kwa hiyo kipimo hicho kinasema kwamba kuna madhara, lakini hakisemi yako wapi wala yamesababishwa na nini. CK hupanda baada ya kazi nzito ya mwili, baada ya kudungwa sindano ya msuli, kwa baadhi ya watu wanaotumia statini za kupunguza kolesteroli, na kwa wale ambao tezi yao ya thairoidi imezorota. Isitoshe, watu weusi wengi wenye afya njema huwa na CK iliyo juu kidogo ya kiwango kinachochapishwa kwenye fomu za maabara. Kupanda mara kadhaa, pamoja na udhaifu wa miezi mitano, ni jambo jingine na halipuuzwi. Hata hivyo wapo pia wagonjwa wa damatomayositisi, ile aina ya mayositisi inayoshika ngozi na misuli, ambao CK yao ni ya kawaida ilhali misuli imevimba.

Eksirei haitakusaidia hapa. Inaonyesha mifupa vizuri, na inaonyesha chokaa inayoweza kujijenga chini ya ngozi ya baadhi ya wagonjwa, lakini misuli yote hutokea kama kivuli kimoja cha kijivu, mizima na migonjwa sawasawa. CT skani inaona zaidi kidogo, kwa kuwa inatofautisha nyama na mafuta, ila maji ya uvimbe inayakosa na tena inatumia mionzi.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, bila mionzi ya eksirei, na faida yake kwa misuli ni kwamba inaweza kupiga mahali pamoja kwa njia mbili zinazojibu maswali mawili tofauti. Njia ya kwanza huandikwa T1 kwenye ripoti. Katika picha hizo mafuta hung'aa, kwa hiyo daktari anaona msuli umebaki wa ukubwa gani na ni sehemu gani imekwisha kugeuka mafuta. Ukiwahi kutazama nyama buchani, ile steki iliyopitiwa na mistari mingi myeupe, umeona jambo ambalo T1 inatafuta katika paja la mgonjwa. Njia ya pili huitwa STIR. Hapo mafuta huzimwa yakawa meusi, na kinachobaki kung'aa ni maji. Msuli unaoshambuliwa sasa hivi hujaa maji. Msuli ulioshambuliwa kwa muda mrefu bila tiba hatimaye hubadilishwa na mafuta. Maji huweza kuondoka kwa dawa. Mafuta hayarudi kuwa nyama.

Faida nyingine ni ya bayopsi, yaani kile kipande kidogo cha msuli ambacho huenda ukatakiwa kukatwa ili kichunguzwe kwa hadubini. Mayositisi haienei kwa usawa. Inaweza kushika msuli mmoja wa paja na kumwacha jirani yake, au kushika nusu ya msuli, na daktari wa upasuaji anayekata bila picha anaweza kuangukia sehemu nzima, ripoti ikasema hakuna ugonjwa, nawe ukarudi nyumbani na kidonda cha bure. Picha inaonyesha palipo na maji, na hapo ndipo pa kukata. Palipokwisha kuwa mafuta matupu hapafai, kwa sababu hadubini haitakuta chochote cha kusimulia. Kama umeandikiwa pia kipimo cha umeme wa misuli kinachotumia sindano, omba MRI itangulie, au sindano ziingizwe mguu mmoja na mguu wa pili uachwe kwa ajili ya bayopsi, kwa maana tundu la sindano nalo huacha alama zinazofanana na ugonjwa.

Lakini usitarajie kwamba picha itakutajia jina la ugonjwa. Misuli hujaa maji kwa sababu nyingi: kuumia, mazoezi makali, maambukizi, neva iliyokatika, hata baadhi ya magonjwa ya kurithi. Vigezo vya kimataifa vya kuainisha mayositisi vilivyotolewa mwaka 2017 havikuingiza MRI katika alama zake, jambo ambalo wengine wetu tulilitazama kwa mshangao, kwa kuwa kliniki hatuwezi tena kufanya kazi bila picha hizo. Nadhani kuna hekima ndani yake. MRI humjibu vyema aliyeuliza swali, na humjibu ovyo asiyeuliza.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, soma ile fomu ya maombi uliyopewa. Nimewahi kupokea mgonjwa ambaye fomu yake ilikuwa na maneno mawili tu, "maumivu miguuni", na huko alikokwenda akapigwa picha za uti wa mgongo, kwa kuwa ndivyo maumivu ya miguu yanavyochunguzwa kwa kawaida. Picha zilikuwa safi na pesa zilikuwa zimekwenda. Fomu yako itaje kwamba mayositisi inashukiwa, iombe mapaja yote mawili pamoja na nyonga, na iombe T1 na STIR. Dawa ya rangi ya kudunga kwenye mshipa kwa kawaida haihitajiki kwa swali hili, na kuiacha kunaweza kupunguza gharama. Iwapo unatumia bima ya SHA au bima ya mwajiri, pata idhini kabla ya siku ya picha.

*Mume wangu aligunduliwa kuwa na damatomayositisi mwaka jana. Amekunywa prednisoloni kwa miezi minane. Mwanzoni alipata nafuu kubwa, akarudi kazini. Sasa mapaja yamelegea tena, uso umejaa na tumbo limetoka. Daktari mmoja anasema ugonjwa umerudi na dozi iongezwe. Mwingine anasema ni dawa yenyewe inayokula misuli na ipunguzwe. CK yake ni ya kawaida. Tumsikilize nani?*
Mama J., South B

Mama J., katika barua zote za mwezi huu, hii ndiyo ambayo picha ina kazi kubwa zaidi, na sitashangaa ikiwa madaktari wenu wawili wote wana sehemu ya ukweli.

Prednisoloni huzima shambulio la kinga, lakini ikitumiwa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu hupunguza misuli, hasa ya nyonga na mapaja, yaani palepale ambapo ugonjwa wenyewe hupenda. Mgonjwa anaporudi akisema hawezi kuinuka kitini, kuna uwezekano mkubwa wa aina tatu. Huenda ugonjwa umeamka. Huenda ni dawa. Au ugonjwa umelala, dawa haina kosa, ila misuli iliyoharibika kabla ya tiba imekwisha kuwa mafuta na iliyobaki haitoshi kumbeba. Kwa macho, hali hizi tatu zinafanana mno, na CK ya kawaida, kama nilivyomwandikia mwalimu wa Umoja, haimalizi ubishi.

MRI ya mapaja ikionyesha maji katika STIR, hasa kwenye misuli ile ile iliyokuwa nayo awali, au kwenye utando unaoifunga misuli na chini ya ngozi, ambako damatomayositisi hupenda kujionyesha, basi daktari wa kwanza ana hoja, na pengine njia bora ni kuongeza dawa nyingine ya kutuliza kinga badala ya kurundika prednisoloni. Misuli ikionekana imepungua unene lakini haina maji, lawama huelekea kwa dawa. T1 ikijaa mafuta, kuongeza dozi kutamletea kisukari na mifupa dhaifu bila kumwongezea hatua moja ya kutembea. Anayehitajika hapo ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mara nyingi huwa ni mchanganyiko, paja moja likiwa na maji kidogo na mafuta kidogo, na ndipo inapobidi daktari wa baridi yabisi na mtaalamu wa radiolojia waketi mbele ya kioo kimoja. Hilo halifanyiki mara nyingi inavyopaswa katika mji huu wa Nairobi, ambako mgonjwa hupigwa picha jengo moja, akatibiwa jengo la pili, na ripoti ikasafiri ndani ya bahasha ya kaki.

Kuna mambo matatu ya kutekeleza. Kama alipigwa MRI alipogunduliwa, itafuteni ile CD na mwende nayo, kwa sababu ripoti ya maneno haitoshi kulinganisha. Na ikiwezekana apigwe kwenye mashine ile ile. Asifanye mazoezi mazito wala kazi ya kubeba kwa siku kadhaa kabla ya picha, maana msuli uliochoshwa bila kuzoea hujaa maji kwa siku kadhaa na unaweza kumdanganya msomaji wa picha. Na wakati mnasubiri, asiache prednisoloni ghafla kwa hali yoyote. Mwili uliotumia dawa hiyo kwa miezi minane umesahau kujitengenezea homoni yake, na kuikata ghafla kunaweza kumwangusha kwa shinikizo la damu la chini na hata kuhatarisha maisha yake.

Nikuongezee tahadhari moja ambayo vitabu vilivyoandikwa nchi za baridi huipitia kwa haraka. Mtu ambaye kinga yake imetulizwa kwa dawa, akipata uvimbe wa paja moja tu wenye joto na maumivu makali, pamoja na homa, asisubiri miadi ya MRI. Huenda usaha umejikusanya ndani ya msuli, ugonjwa unaoonekana sana katika nchi zetu za joto na ambao aghalabu huletwa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Altrasaundi ya dharura huweza kuonyesha usaha huo siku hiyo hiyo, na tiba yake ni kuutoa na kutumia antibayotiki, wala si kuongeza prednisoloni.

*Nimeandikiwa MRI lakini nina nywele za kushonea, koili na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Pia naogopa sana mahali pafinyu. Je, nitaruhusiwa?*
F.N., Pangani

Kijiti cha plastiki chenye homoni hakizuii MRI, na koili ya shaba kwa kawaida haina shida katika mashine zinazotumika hospitalini, ila vitaje vyote viwili kwenye fomu ya maswali. Nywele za kushonea hazina neno kama hakuna klipsi, waya au uzi wa madini ndani yake. Wigi livue nyumbani. Sidiria yenye vishikizo vya chuma, bangili, hereni na shanga za kiunoni zenye madini huachwa nje.

Wanaostahili kusimamishwa mlangoni ni wengine: mwenye kidhibiti cha mapigo ya moyo, mwenye klipu ya chuma kwenye mshipa wa ubongo, na mafundi. Ndiyo, mafundi. Mtu aliyefanya kazi ya kusaga au kuchomelea vyuma kule Kamukunji kwa miaka, bila miwani, anaweza kuwa na chembe ya chuma ndani ya jicho bila habari, na sumaku ikiitikisa inaweza kumharibia jicho. Aseme mapema ili apigwe kwanza eksirei ya macho.

Kuhusu hofu yako, kwa picha ya mapaja mara nyingi huingizwa miguu kwanza, na kichwa hubaki karibu na mdomo wa mashine. Utapewa vizibo vya masikio, kwa kuwa mashine hugonga kwa kelele, pamoja na kitufe cha kubonyeza ukizidiwa. Hesabu nusu saa hadi saa moja. Ukishindwa kabisa, daktari anaweza kukuandikia dawa ya kutuliza, na siku hiyo uje na mtu wa kukurudisha nyumbani.

*Nina miaka 68. Kwa takriban miaka mitatu nimekuwa nikianguka. Goti linakatika ghafla nikishuka ngazi za msikiti. Vidole vimelegea hata kuzungusha ufunguo ni kazi. Niliambiwa ni uzee, kisha baridi yabisi, kisha nikaambiwa ni uvimbe wa misuli na nikapewa prednisoloni kwa miezi sita, isinisaidie. MRI imeandika kwamba misuli ya mbele ya mapaja imejaa mafuta. Je, nilichelewa?*
A.H., Eastleigh

Shikamoo mzee wangu. Sidhani kwamba kosa ni la kuchelewa kwako. Maelezo yako yananielekeza kwenye aina ya mayositisi ambayo wataalamu huifupisha kwa herufi IBM, inayowapata zaidi watu waliopita miaka 45, wanaume kuliko wanawake, na ambayo huenda polepole kwa miaka. Ina tabia mbili ambazo aina nyingine hazina kwa kiwango hicho: hudhoofisha misuli ya mbele ya paja, ndiyo sababu goti linakatika, na hudhoofisha misuli ya kigasha inayokunja vidole, ndiyo sababu ufunguo unakushinda. Mara nyingi upande mmoja huwa mbaya kuliko wa pili.

Katika MRI, IBM ina sura ambayo jicho lililozoea huitambua haraka. Misuli ya mbele ya paja hugeuka mafuta kwa wingi, lakini ule mmoja unaopita katikati na juu yake kutoka nyonga hadi goti mara nyingi huhimili zaidi ya wenzake. Kwenye shavu la mguu, msuli wa upande wa ndani ndio huumia sana. Ikiwa ripoti yako inasema "mafuta mbele ya mapaja" na kunyamaza, rudi na CD yako umwombe mtaalamu ataje msuli mmoja mmoja, kwa kuwa orodha ya walioumia na waliosalimika ndiyo inayobeba habari.

Jambo la pili, mkono haujapigwa picha. Ningependa uangaliwe kwa altrasaundi, ambayo ni nafuu na haihitaji kujipanga kwa wiki. Daktari huweka kifaa kwenye kigasha na kulinganisha msuli wa ndani unaokunja vidole na msuli jirani yake unaokunja kifundo cha mkono. Katika IBM, wa kwanza huwa mweupe zaidi kwenye kioo kuliko wa pili, tofauti ambayo ukishaonyeshwa unaiona hata wewe. Bado utahitaji bayopsi, na kuna kipimo cha kingamwili ambacho daktari wako anaweza kukiomba, lakini picha ya mkono na ya paja kwa pamoja zitampa sababu nzuri ya kuacha kukuongezea prednisoloni. IBM kwa kawaida haiitikii dawa hiyo. Mazoezi ya kupangwa na mtaalamu, fimbo nzuri, vyuma vya kushikia bafuni na kuangaliwa namna unavyomeza chakula ndivyo vitakavyokulinda, kwa sababu ugonjwa huu hushika koo pia kwa baadhi ya watu.

*Mtoto wangu wa miaka saba amepata mabaka juu ya viungo vya vidole, kope zimekuwa za rangi ya zambarau, na hawezi tena kukimbia na wenzake. Daktari wa watoto anashuku damatomayositisi. MRI inahitaji alazwe usingizi. Je, altrasaundi inaweza kuchukua nafasi yake?*
Baba R., Kasarani

Nashukuru kwamba umeandika zambarau. Vitabu vingi huonyesha ngozi nyeupe yenye wekundu, na wazazi wa hapa huambiwa ni ukurutu kwa miezi kadhaa kwa kuwa wekundu huo hauonekani.

Altrasaundi ni mwanzo mzuri kwa mtoto. Haina mionzi, haina kelele, na mtoto anaweza kukaa mapajani pa mama yake. Msuli mzima kwenye kioo huwa mweusi wenye vijistari vyeupe, na mfupa chini yake hung'aa kama mstari mkali. Msuli ukiugua huanza kuwa mweupe. Ukizidi, mstari wa mfupa hufifia na hatimaye hupotea. Kipimo cha ngazi nne kinachoeleza mabadiliko hayo, kiitwacho Heckmatt, kilitolewa mwaka 1982 na bado kinatumika.

Udhaifu wake ni mkono wa mpigaji. Kifaa kikilazwa upande kidogo, msuli mzima hubadilika rangi, na watu wawili wanaweza kuandika ripoti mbili za paja moja. Pia altrasaundi haitenganishi vizuri maji na mafuta, kwa sababu vyote viwili huufanya msuli uwe mweupe. Kwa mtoto aliyeugua wiki chache tu hilo si tatizo kubwa, maana mafuta hayajapata muda wa kuingia. Kwa hiyo kama altrasaundi imeonyesha ugonjwa wazi, ngozi inasema hivyo hivyo na damu pia, daktari anaweza kuamua kuanza tiba bila kumlaza mtoto usingizi. Yakipingana, MRI ifanywe, na msiiogope dawa ya usingizi kupita kiasi ikiwa inatolewa na mtaalamu katika hospitali yenye vifaa vya watoto. Watoto wengi wa miaka saba, wakielezwa vizuri na mzazi akiruhusiwa kukaa karibu baada ya kukaguliwa vyuma, hutulia wenyewe bila dawa.

Baadaye, mkigusa vinundu vigumu chini ya ngozi ya viwiko au magoti, semeni. Hiyo huwa chokaa, na hapo eksirei ya kawaida inatosha.

*Mimi ni mama wa miaka 52. Nimegunduliwa na damatomayositisi na misuli yangu inatibiwa. Sasa naambiwa nipige CT ya kifua, ya tumbo na nyonga, tena nipimwe matiti. Je, kuna kitu ambacho madaktari wananificha?*
Mama K., Lang'ata

Dada yangu, sidhani wanakuficha. Nadhani hawakukueleza, na hayo ni makosa ya aina nyingine.

CT ya kifua ina sababu yake. Kinga inayoshambulia misuli yaweza kushambulia mapafu pia, yakakakamaa polepole, hasa kwa wagonjwa wenye kingamwili fulani kama ile iitwayo anti-Jo-1. Dalili huwa kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi, na eksirei ya kifua inaweza kuonekana safi mwanzoni. CT ya vipande vyembamba huona mapema zaidi. Hapa Nairobi nasisitiza jambo hili kwa sababu mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki kadhaa na kivuli mapafuni huanzishiwa dawa za kifua kikuu haraka. Mara nyingi uamuzi huo ni sahihi. Makohozi yakipimwa na yasionyeshe chochote, tena mgonjwa ana misuli dhaifu na ngozi ya viganja iliyopasukapasuka kama ya fundi makanika, basi CT hiyo inahitaji kusomwa upya na mtu aliyeambiwa kuhusu misuli. Na kinyume chake, kifua kikuu cha kweli kinapaswa kutafutwa kabla ya kukuwekea dawa nzito za kutuliza kinga, kwa kuwa dawa hizo humwamsha mdudu aliyelala.

CT ya tumbo na nyonga, na kipimo cha matiti, ni kwa ajili ya kutafuta saratani. Nakuandikia wazi kwa sababu umeuliza wazi. Kwa watu wazima, damatomayositisi hutokea mara nyingine pamoja na saratani ya ovari, matiti, mapafu, utumbo au sehemu nyingine, ama ikitangulia ama ikifuata, na hatari ni kubwa zaidi katika miaka mitatu kabla na mitatu baada ya kugunduliwa. Wagonjwa wengi hawana saratani yoyote. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 unawagawa wagonjwa kwa kiwango cha hatari, kwa kutazama umri, aina ya ugonjwa, kingamwili na dalili, ili asiyehitaji asimulikwe mionzi bure na anayehitaji asiachwe. Kwa umri wako na kwa aina ya ugonjwa wako, ningeagiza picha hizo hizo, pamoja na kipimo cha mlango wa kizazi ikiwa hujakifanya karibuni.

Huenda mtu akakutajia PET-CT, ambayo siku hizi inapatikana Nairobi. Ni picha ya mwili mzima baada ya kudungwa sukari yenye mnururisho, na huonyesha mahali seli zinapotumia sukari kupita kiasi, iwe ni saratani au ni msuli uliovimba. Inafaa pale ambapo hatari ni kubwa na picha za kawaida hazikupata kitu. Kama hatua ya kwanza, kwa bei yake, siioni kuwa ya lazima kwako.

CT ya tumbo kwa kawaida hutumia dawa ya rangi yenye iodini, kwa hiyo kama una ugonjwa wa figo, kama unameza metformini ya kisukari, au kama uliwahi kupata mzio wa dawa ya aina hiyo, mweleze anayekuandikia miadi kabla ya siku ya picha, na upime damu ya figo wiki hiyo hiyo. Matokeo ya picha zote yarudi kwa daktari mmoja, yule anayekutibu misuli, na ripoti zote uziweke kwenye faili moja.